Kichwa cha Treni Nyuma ya Maghala

Mwezi huu picha yangu moja imezunguka kwenye simu za watu kuliko picha nyingine zote nilizowahi kupiga, na kila ninapoiona naigeuza simu kifudifudi. Ni picha ya Mzee Lugwisha, dereva mstaafu wa treni za mizigo, ameketi ndani ya kichwa cha treni cha Kiingereza hapa Mpanda. Mkono wake wa kushoto uko juu ya mpini wa breki, macho yamejaa maji, na mwanga wa asubuhi umemwangukia upande mmoja wa uso vizuri kabisa, kana kwamba mimi na jua tulikuwa tumepatana. Alipofariki, watu wa grupu letu la wapenzi wa vichwa vya zamani waliiweka picha hiyo pamoja na maua na mishumaa, wakawa wanaandikiana chini yake: machozi ya furaha, mtu na mashine yake, hawa ndio waliopenda kazi. Mzee mmoja wa Uingereza aliomba ruhusa aiweke kwenye kalenda. Katibu wetu aliagiza ichapwe kwenye fulana za msiba. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa naye humo ndani, na najua hayakuwa machozi ya furaha. Najua pia hewa tuliyokuwa tunavuta ilikuwa ya namna gani.

Siku moja kabla ya mazishi nilipigiwa simu na Veronika, binti wa marehemu, anayeishi Magamba. Hatukuwahi kuongea zaidi ya salamu. "Kaka, wewe ndiye uliyempiga baba ile picha?" Nikasema ndiyo. "Uliingia naye?" Nikasema niliingia naye, dada. Nikawa nasikia watu wanapasua kuni nyuma yake. "Basi kesho uje mapema, kabla watu wenu wa grupu hawajafika. Nataka uniambie alisema nini humo. Kuna kitu baba alinifanyia kwenye hiyo treni nikiwa mtoto, na amekufa hajanieleza." Nikamwambia nitakuja. Nilipokata simu nilinawa mikono, kisha nikanawa tena, kwa sababu ndivyo nilivyo. Nilijua jibu la swali lake, na jibu lenyewe lilikuwa chafu.

Mwaka ninaotaka kuuandika ni ule niliofikisha miaka ishirini na mbili, nikiwa nimepanga chumba nyuma ya duka la vitenge la Mama Hadija, kule Majengo. Nimeifuta sura hii ya kumbukumbu zangu mara nyingi kwa sababu ya hicho chumba. Nataka msomaji akinuse, lakini kila nikikiandika kinatoka kisafi. Dirisha lilikuwa moja, linatazama uani, na uani mpangaji mwenzangu alikuwa akipanga magunia yake ya migebuka, samaki wakavu wa ziwani waliotoka Karema. Harufu yao iliingia kwenye shuka, kwenye mswaki, kwenye kurasa za vitabu. Nilikuwa nafuta kitasa cha mlango kwa sabuni kila jioni. Nilikuwa na kikombe changu, sahani yangu, kijiko changu, na nilivificha chini ya kitanda ili mtu asiviazime. Mama Hadija, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini na macho yasiyopitwa na kitu, aliniita bwana afya. "Bwana afya, leo umemkagua nani?" aliniuliza kila nikipita dukani. "Njoo ukague na hili jiko langu, maana wapangaji wengine wanakula tu, hawana elimu." Wateja wake walicheka, nami nilicheka pia, huku nikitazama kama ameosha mikono kabla ya kushika mkate.

Sikusoma chuo. Kupiga picha nilijifundisha mwenyewe, kwa kamera iliyotumika na kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Kiingereza nilifundishwa na wazee wa Uingereza ambao hawakujua kwamba wananifundisha. Nilikuwa nimegundua ukurasa wao mtandaoni. Ni watu ambao katika ujana wao walisimama juu ya madaraja na kwenye ncha za majukwaa ya stesheni, kwenye mvua, wakipiga picha vichwa vya dizeli vya kuvuta makaa ya mawe, kokoto na saruji. Treni za abiria waliziona za kitoto. Kila picha waliiwekea kumbukumbu: nani alikuwa zamu, ukungu ulikuwaje, injini ilikohoa vipi kabla ya kuwaka. Mmoja wao, Keith, aliandika kwamba baada ya harusi alimpeleka mkewe kulala kwenye nyumba ya wageni iliyotazama karakana ya vichwa, na kwamba yule mama aliivumilia ndoa yote. Siku moja aliandika kwamba harufu ya dizeli asubuhi ya baridi humkumbusha marehemu mkewe. Siku nyingine akaandika kwamba marehemu mkewe alimkumbusha dizeli. Nilikuwa nasoma haya nimelala chali, pua nimeifunika shuka kwa sababu ya migebuka, na nilijisikia nimepata watu wangu.

Kilichonivuta ni kanuni zao. Jua liwe nyuma ya mpiga picha. Pua na ubavu wa kichwa vionekane pamoja. Magurudumu yasimezwe na kivuli. Nyasi zisipite mbele ya ngazi. Na mtu asiwepo. Mtu mmoja mwenye ndoo akiingia kwenye picha, wale wazee walisikitika kama wamefiwa. Mimi mwenye hofu na kila kitu nilipata faraja kubwa kwamba kuna mahali duniani ambapo usahihi umeandikwa, ukiufuata unasifiwa. Nilianza kuamka alfajiri kwenda kupiga kichwa cha Mpanda.

Kilikuwa kwenye reli ya pembeni nyuma ya maghala ya mahindi, kimekufa miaka mingi. Kilitengenezwa Uingereza, kikaletwa enzi zile reli ilipokuwa moja kwa nchi zote tatu za Afrika Mashariki, kikavuta mizigo mpaka kikachoka, na mtu fulani akakisukumia pale kwenye majani. Rangi yake ya maruni ilikuwa imepauka ikawa kama ini lililokaa juani, mstari wa njano bado unaonekana. Nilikipiga kutoka mashariki tu. Kwenye picha zangu kilisimama chenye heshima, kipana, kimya, kama ng'ombe dume aliyepumzika. Upande wa magharibi ndiko kulikokuwa na mlango, na huko sikupiga hata picha moja baada ya kuingia mara ya kwanza.

Kilikuwa choo. Nimetafuta neno jingine, sikupata. Makuli wa maghala, wauza nyanya wa gulioni, walevi wa pombe ya mahindi, wote walipanda zile ngazi za chuma. Sakafuni kulikuwa na tabaka: ya zamani imekauka ikawa udongo, ya juzi ina ngozi juu, ya asubuhi hiyo ina inzi wa kijani wanaong'aa. Kwenye meza ya dereva, kati ya saa za kupimia hewa na za kupimia mafuta zilizong'olewa vioo, mtu alikuwa amejifutia karatasi ya daftari la shule na kuiacha hapo imekunjwa vizuri. Joto la chuma liliichemsha ile harufu mpaka ikawa kitu unachokitafuna. Nilitapika nikiwa nimeshika nguzo ya ngazi, halafu nikakumbuka nguzo imeshikwa na nani, nikatapika tena. Mama Hadija alipika wali wa mchele wa Kibaoni siku ile, punje ndefu nyeupe, na mimi nilikaa nautazama. "Kula, bwana afya. Umeona nini?" Nikasema sina njaa. Kisha nikaingia chumbani, nikapandisha mtandaoni picha ya upande wa mashariki. Keith akajibu kwamba inamtia moyo kuona Afrika bado mnamtunza vizuri namna hii, kwao wangeshamkatakata. Nilimjibu asante, tunajitahidi. Nilihisi raha na kichefuchefu kwa pamoja, na kusema kweli raha ndiyo iliyozidi.

Grupu letu la nyumbani lilikuwa la wastaafu wa reli na watoto wao, Tabora, Kigoma, Dodoma. Wao hawakuandika, walituma sauti. Katibu, aliyekuwa karani wa stesheni na bado anaongea kama anatangaza treni, alizipenda picha zangu kuliko mtu yeyote. "Wajumbe, kijana wetu wa Mpanda ametuheshimisha tena. Angalieni ubavu huo. Angalieni pua hiyo." Wengine wakajibu kwa kunguruma kwa midomo wakiigiza injini inavyopanda mlima, wazee wazima, na walikosoana: hapana, ile ya Kiingereza ilikuwa inaguna hivi, hiyo yako ni ya Kikanada. Mwezi wa saba Katibu akatangaza safari. Watakodi gari, watakuja Mpanda kukiona kichwa wenyewe, na mgeni rasmi atakuwa Mzee Lugwisha, aliyekiendesha kwa miaka mingi kuliko dereva mwingine aliye hai. Kisha ikaja sauti ya mzee mwenyewe, kavu, bila salamu: "Mimi nataka kukaa kwenye kiti changu. Basi."

Nilikuwa uani nimeweka simu kwenye spika. Mama Hadija alikuwa anachambua mchele. "Kiti kipi hicho?" akauliza. "Cha kile kichwa cha nyuma ya maghala?" Nikasema ndicho. Akaweka ungo chini. "Kile wanachonyea watu?" Nikapunguza sauti ya simu. "Na wewe unawapelekea mapicha mwezi wa ngapi huu?" Nikasema picha ni za nje. "Waambie, mwanangu." Nikasema nitawaambia. "Lini? Wakishakanyaga?" Niliandika ujumbe kwa Katibu, nikaufuta, nikauandika upya kwa lugha ya adabu, nikatafuta neno zuri la mavi, nikalikosa, nikaufuta. Nilikuwa na uwezo wa kusema ukweli, ila nilitaka kwanza uwe umepigwa pasi. Basi nikaamua kusafisha.

Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyochukia juma lile. Nilinunua koleo, barakoa, mabuti ya mpira, jiki ya kutosha kuulia mji. Kuli mmoja, Shabani, mwenye mabega kama mlango, alikuja akasimama chini ya ngazi akinitazama ninavyoteremsha ndoo. "Unafanya nini, daktari?"

"Nasafisha. Wageni wanakuja."

"Wageni wa hapa?" Akacheka polepole. "Sasa unasafisha choo chetu, na sisi twende wapi?"

"Kuna choo cha gulio."

"Kile? Kile nacho kaingie wewe kwanza, halafu ndio unishauri." Akavua shati, akatandika gunia begani. "Haya, lete ndoo nyingine. Ila jua nakusaidia kwa huruma. Unashika hilo koleo kama unashika mtoto wa mtu."

Alinisaidia bila barakoa, akiimba, akisimulia mechi. Mimi nilikuwa nakwangua huku machozi yananitoka kwa jiki, nikijiuliza hawa ni watu gani, na kila nilipokwangua tabaka moja nilijibu mwenyewe: ni watu walioshinda wamebeba magunia, hakuna aliyewajengea mahali. Jibu hilo halikupunguza harufu. Tuliosha kwa madumu ya maji, tukapiga rangi sakafu, nikatengeneza kiti kwa ubao na kitambaa cheusi nilichopewa na Mama Hadija, kwa maana kiti chenyewe kilikwisha kuibiwa. Nikaweka kufuli mlangoni. Nilisimama mle ndani jioni ya mwisho, nikasema sasa nitapiga picha ya ndani bila aibu. Na asubuhi ya wageni nilipofika, kufuli lilikuwa limevunjwa, na katikati ya sakafu yangu mpya, karibu na kiti, mtu alikuwa ameacha chake. Kikubwa, kimetulia, bado kina joto la mwenye nacho. Gari la wageni lilikuwa limeshapita mzunguko wa mjini. Nilikitoa kwa koleo, nikafunika mahali pake kwa mchanga, nikamwaga chupa nzima ya jiki juu. Nikajinusa mikono. Hata leo, nikiandika hapa, nimejinusa.

Walishuka kwenye gari wamevaa kofia za zamani za reli. Nilitegemea kuguswa moyo, nikashikwa na kinyaa. Mmoja alilaza shavu kwenye ubavu wa kichwa, pale ambapo najua walevi huegemea wakikojoa, akafumba macho. Mwingine alipapasa vitovu vya magurudumu akisema, "Mtoto huyu, mtoto huyu alikuwa na nguvu." Katibu aliweka sikio kwenye chuma kilichokufa na kuwaashiria wengine wanyamaze. Walihema. Walikisifia makalio. Walikuwa na upole mikononi mwao ambao sijui kama kuna binadamu nyumbani kwao aliyewahi kuupata. Kisha ikaja saa ya picha ya pamoja, na Katibu akaanza kufukuza watu: "Mama, sogea na beseni lako la ndizi. Wewe kijana mwenye gunia, pita nyuma, pita nyuma kabisa, unaharibu." Kijana mwenye gunia alikuwa Shabani. Alinitazama. Nami, kwa kanuni nilizojifunza, nilimwonyesha kwa mkono asogee zaidi, maana kivuli chake kilikuwa kinagusa gurudumu.

Mzee Lugwisha hakugusa kitu. Alikuwa mrefu, mkavu, masikio yamekufa kiasi, anatembea kwa fimbo ya bomba. Alisema, "Naingia na kijana wa kamera tu. Nyie subirini." Wakaona ni heshima yake, wakavua kofia. Alipanda ngazi bila kuomba mkono. Alikaa kwenye kiti changu cha ubao, akaweka mkono kwenye mpini wa breki, akavuta hewa puani mara moja.

"Umemwaga jiki," alisema.

"Ndiyo, mzee. Kulikuwa na vumbi."

"Vumbi." Akautazama mchanga sakafuni. "Kijana, mimi nimeendesha treni za mizigo maisha yangu yote. Mavi nayajua hata yakifunikwa."

Nikaanza kuomba radhi. Akainua kidole nisiendelee. "Unaniomba radhi ya nini? Hata sisi tulikuwa tunaenda humu humu. Ulidhani kuna choo? Waliotengeneza waliweka saa ya mafuta, saa ya hewa, na kajiko ka kuchemshia chai. Choo hawakukumbuka. Na hiki hapa unakiona?" Alinyoosha mguu akakanyaga kipande cha chuma kilichochomoza sakafuni. "Mguu ukae hapa muda wote treni inatembea. Ukiuondoa, treni inajua umekufa, inafunga breki yenyewe. Kwa hiyo ukibanwa, msaidizi anakushikia kopo la grisi, wewe mguu hapa, macho kwenye reli. Hayo sijasikia wakiyasimulia kwenye hilo grupu lenu."

Nilikuwa nimeinua kamera. Jiki ilikuwa inatuwasha macho wote wawili. Akaendelea, hanitazami, anatazama dirisha la mbele lililokuwa na mbao badala ya kioo. Alisema siku moja msaidizi wake alikuwa na homa, amelala sakafuni hajitambui, na yeye mwenyewe tumbo lilimshika njiani. Alikuwa amekula samaki wa jana. "Ningeweza kusimama. Lakini ukisimamisha treni ya mizigo porini unatoa maelezo. Nitoe maelezo gani? Nikasema nitafika. Sikufika."

Nje watu walikuwa wanacheka, mtu anaigiza honi. "Nilipoingia Mpanda, Veronika wangu alikuwa amesimama palepale pa siku zote, nguo ya shule, bakuli limefungwa kitambaa. Kila treni yangu alikuja, ninashuka, tunakaa kwenye benchi tunakula. Siku ile sikushuka. Akaita baba, baba. Nikafunga dirisha. Akazunguka huku mlangoni, akapanda ngazi ya kwanza, na mimi nimekaa ndani ya uchafu wangu. Nikampigia kelele: shuka, toka, nenda kwenu. Kwenu, ndivyo nilivyosema. Kama vile kwangu mimi ni pengine." Akapangusa mpini wa breki kwa kiganja. "Akaliweka bakuli chini, akaondoka. Hakurudi tena stesheni. Watu wakatangaza kwamba nilikuwa nimeficha mwanamke humu. Nikawaacha watangaze. Mwanamke ilikuwa afadhali."

Hapo ndipo nilipobonyeza. Mwanga ulikuwa umefika, basi. Mtu ananiambia jambo ambalo hajamwambia mwanadamu, na kidole changu kikasikiliza mwanga. Kati ya uchafu wote wa mwaka ule, huo ndio unaonichukiza zaidi, na ndio uliosifiwa zaidi.

Alisikia mlio wa kamera, hakukasirika. "Hayo niliyosema yasiende kwenye grupu lenu."

"Hayaendi, mzee."

"Nilitaka kuja nione kama kitu hiki bado kinanitia kinyaa." Akasimama, akajishika kiuno. "Bado."

Alipotoka walimpigia makofi. Mama Hadija alikuwa amewapikia pilau uani, na wote walinyoosha kwenye sinia mikono ileile iliyopapasa nguzo na ngazi, wakalamba vidole, wakisema haijawahi kutokea siku kama hii. Mimi nilikaa na kijiko changu nisile. Mzee Lugwisha alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akala kidogo, akapanda bodaboda kwenda Magamba kumwona binti yake. Jioni alirudi, wakaondoka. Nilipandisha ile picha siku hiyo hiyo. Keith alisema hajawahi kuona mapenzi ya namna hii kati ya mtu na mashine. Nilimwandikia asante. Kichwa chenyewe hakikumaliza mwaka. Walikuja watu na mitungi ya gesi wakakikata, wakapakia vipande kwenye lori, na Shabani akaniuliza gulioni kama na mimi nimekuja kwenye mazishi ya choo.

Mzee alisema yasiende kwenye grupu. Hakusema nisimwambie binti yake. Tofauti hiyo niliijua tangu siku ile na niliikalia miaka yote, kwa sababu sikuwa na namna ya kumwambia dada wa watu jambo lile kwa maneno yasiyonuka. Magamba si mbali. Ningeweza kwenda siku yoyote.

Siku ya mazishi nilifika Magamba jua halijapanda. Wanawake walikuwa wanakoroga ugali kwenye sufuria za shughuli, wanaume wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa. Veronika ni mama mtu mzima sasa, mfupi, ana uso wa baba yake. Alinichukua mpaka kwenye chumba cha kuwekea mahindi, akafunga mlango. "Alipokuja hapa siku ile ya picha," alisema, "nilimpa maji ya kunawa, nikampa chakula, sikumtazama. Akala akaondoka. Haya. Alisema nini?"

Nikaanza na kanyagio. Nikaeleza la msaidizi mwenye homa. Nikasema mzee alipatwa na tumbo njiani, hali yake haikuwa nzuri, kwa hiyo akashindwa kushuka kwa sababu za kiafya.

"Kaka," alisema, "sema kama alivyosema yeye. Nina watoto watano na nimeuguza mama miaka mitatu. Sema."

"Alijinyea, dada. Alikuwa amekaa humo. Alikufukuza ili usimwone."

Nje mtu alikuwa anauliza chumvi iko wapi. Veronika akakaa taratibu juu ya gunia, akatandaza kanga magotini, akaikunja, akaitandaza tena. "Mama amekufa anajua kulikuwa na mwanamke," alisema. "Mpaka jina walimpa huyo mwanamke." Nikasema mzee alijua walivyosema, akaona mwanamke ni afadhali. Veronika alitikisa kichwa, bila hasira, kama mtu anayemsikiliza mtoto mwongo. Tulisikia gari la wageni likiingia uani, milango ikifunguka, sauti ya Katibu ikiuliza fulana zigawiwe wapi.

"Nani alimfulia?" Veronika akauliza.

"Kumfulia nini, dada?"

"Hizo suruali. Nani alizifua?"

Nikamwambia kwamba tulipokuwa tunashuka ngazi alilitaja na hilo. Alisubiri watu waishe, akazifua mwenyewe kwenye bomba la stesheni, akazivaa zikiwa mbichi, akarudisha treni mpaka Kaliua.

"Mbichi," alisema. Alisimama, akajifuta uso kwa pindo la kanga, akafungua mlango, kisha akanigeukia. "Mimi ndiye niliyekuwa nafua nguo zote za nyumba ile, kaka. Za wadogo zangu, za bibi mgonjwa, zote. Ningemfulia."